Gauni Limeungua

Katika nyumba ya Dobi, vitu havikuruhusiwa kuvunjika vyenyewe. Wala kumwagika, wala kupotea, wala kuchanika. Mtoto akija mbio jikoni na kusema, "Mama, kikombe kimevunjika," mama hakuacha alichokuwa akikifanya. Alisema tu, "Irudishe hiyo," na mtoto alijua kwamba kinachorudishwa si kikombe, ni sentensi. Alitakiwa atoke, asimame nje ya mlango, aipange upya kichwani, kisha aingie nayo ikiwa na mtu ndani yake: "Mama, nimekivunja kikombe." Hapo ndipo mama alipomgeukia. Mara nyingi hakuchapa. Alisema asante, akachukua ufagio, wakafagia vigae pamoja.

Watoto walikuwa wawili, na hakuna ujanja ambao hawakuujaribu. Mdogo, ambaye kwa wingi wa maneno alipewa jina la Profesa kabla hajajua kufunga kamba za viatu, aliwahi kutoka akarudi na "Mama, mvua imekivunja kioo cha dirisha," na jiwe lake likiwa bado katikati ya sebule. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, irudishe. Hata Dobi hakusamehewa. Jioni moja alinong'ona kwamba shati la mteja limepotea. Mkewe alimtazama bila kusema neno, mpaka yule baba wa watu akatoka, akasimama nje ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni, akaingia tena: "Nimelipoteza shati la watu." Watoto walifurahi wiki nzima.

"Adamu aliulizwa yeye, akamtaja mkewe," mama alikuwa akisema huku akiyanyunyizia mashuka maji. "Tangu siku hiyo tuko nje ya bustani." Alisema hivyo bila ukali, katikati ya wimbo wa kanisani, kisha akaendelea na ubeti unaofuata. Duka lilikuwa chumba kirefu mbele ya nyumba. Huko nyuma kulikuwa na makaro ya saruji, uani kamba, na karibu na dirisha meza ya pasi. Wanaoikumbuka nyumba ile wakati huo wanakumbuka harufu ya wanga na sabuni, na sauti ya yule mama.

Alifariki, na duka likabaki na watu watatu. Alikuwepo Dobi mwenyewe, ambaye macho yalikuwa yameanza kumchenga. Alikuwepo mzaliwa wake wa kwanza, ambaye hata wateja wenye mvi walimwita Dada. Na alikuwepo mpiga pasi, mama wa makamo aliyepewa jina la Mama Kunjo kwa sababu hakuna kunjo la nguo lililowahi kumshinda. Mwanzoni, alipoona mzee mzima anatolewa nje kwa ajili ya sentensi, Mama Kunjo alidhani ameajiriwa na watu wenye wazimu wa aina yao. Baadaye alizoea. Mwishowe akaihamishia kanuni ile kwake, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu, aliishika kuliko hata wenye nyumba.

*

Gauni lilikuwa la Mama Gesti. Huyu alikuwa na nyumba ya wageni, na mashuka yake ndiyo yaliyokuwa yakiliweka duka wima. Aliolewa akiwa amevaa gauni lile, na sasa binti yake alitaka kuolewa nalo Jumamosi. Lilikuwa la hariri, limekaa sandukuni mpaka limegeuka rangi ya maziwa. Alilileta akiwa amelilaza juu ya mikono miwili, akakataa kulikabidhi mpaka meza ifutwe mbele ya macho yake.

Asubuhi ile Mama Kunjo alikuwa akilipiga pasi polepole, na kitambaa chepesi juu yake. Alikuwa amefika kiunoni mvua ilipoanza kugonga mabati. Mashuka ya gesti yalikuwa kambani. Alitoka mbio. Dada, aliyekuwa akipanga foronya, aliona mwenzake ameacha kazi nusu, akasema moyoni, ngoja nimsaidie. Pasi aliikuta imesimama wima juu ya kigae chake, mahali pake. Akaishika.

Simu ikalia. Alikuwa rafiki yake wa shule ambaye walipotezana siku nyingi, na siku ile ndiyo kwanza amesikia kwamba mama hayupo. "Yule mama wa irudishe?" rafiki aliuliza kwa sauti ya kuvunjika moyo, na Dada akacheka na kulia kwa pamoja. Aligeukia dirisha ili afute machozi. Aliyafuta kwa mkono ule ule ulioiachia pasi.

Harufu ndiyo iliyomgeuza. Aliinyanyua pasi, na pale kiunoni, upande wa nyuma, palikuwa na doa la kahawia lenye umbo la ncha yake.

Dobi aliingia kutoka uani akifuta miwani. "Nini hiki?"

"Gauni limeungua," Dada alisema.

Ningependa kusema maneno yalimtoka. Lakini marehemu angenirudisha mlangoni, na angekuwa na haki. Aliyatoa. Alipokwisha kuyatoa alisubiri, kwa mazoea ya tangu utotoni, mtu amwambie airudishe, na angeirudisha hapo hapo. Hakuna aliyesema. Dobi alikuwa ameinama juu ya doa, pua karibu iguse hariri.

Mama Kunjo aliingia amelowa, mashuka yamemjaa kifuani. Alinusa. Aliona. Mashuka yakaanguka sakafuni. "Mungu wangu," alisema, "nimeliunguza!"

Katika duka jingine lolote angesema limeungua, na pengine lawama ingebaki inazunguka bila mwenyewe. Lakini yeye alikuwa amefundishwa humu humu.

"Uliilaza pasi juu yake?" Dobi aliuliza.

"Sikumbuki, mzee. Nilikimbilia mashuka. Lakini ni nani mwingine? Nimeliunguza mimi."

Dada alifungua mdomo. Wakati huo huo sauti ya Mama Gesti ilisikika barazani ikiwasalimia majirani, akiwa amekuja kuchungulia kazi inaendaje, na Dada akaufunga mdomo. Alijiambia atasema wakishatulia. Lakini hawakutulia. Mama Gesti alilia, kisha akaacha kulia, ikawa mbaya zaidi. Alisema hataki kumwona yule mwanamke akigusa kitu chake hata soksi, na kwamba akibaki humu, mashuka ya gesti yatatafuta kwao. Dobi alimwita Mama Kunjo pembeni na kumlipa siku zake. Mama Kunjo alivua aproni, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza. "Mnisamehe," aliwaambia wote wawili. Dada alisema, "Haya."

Harusi ilifungwa. Bibi harusi alivaa mkanda mpana kiunoni.

*

Mama Kunjo na nyumba ya Dobi walisali kanisa moja. Zamani walikaa benchi moja, mama akiwa katikati, na nguo zao zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba watoto wa watu waliogopa kukaa karibu nao. Sasa Mama Kunjo alikaa nyuma kabisa. Kazi ya pasi hakuipata tena popote, kwa maana habari ilikwishamtangulia kila alikobisha hodi.

Jumapili moja, muda wa toba ulipofika, waumini waliinuka kuisema sala ya kukiri pamoja. Ni sala ambayo kila mtu huisema kwa nafsi yake, mzee na mtoto: nimekosa. Dada alikuwa ameisema maisha yake yote bila kuisikia. Siku hiyo aliisikia. Hakuna aliyekuwa akisema kosa limetendeka. Alijaribu kutamka kama wenzake, na neno likamkwama. Nyuma yake, kwa sauti iliyozidi za wengine, alimsikia Mama Kunjo akiisema yote, mpaka mwisho.

Ibada ilipokwisha, Dobi alisimama mlangoni pamoja na wazee wenzake wa kanisa akisalimiana na watu. Mama Kunjo alipofika alinyoosha mkono. Dobi aligundua ghafla kwamba miwani yake inahitaji kufutwa. Mkono wa Mama Kunjo ulikaa hewani kidogo, kisha akautumia kujitengenezea kitambaa kichwani. Na Dada aliona jambo ambalo halikumtoka tena: gauni la Mama Kunjo lilikuwa na makunyanzi, kifuani mpaka chini, kama nguo iliyotolewa kwenye kamba na kuvaliwa hivyo hivyo.

*

Mchana huo Profesa alikuja kula. Alikuwa mwalimu wa chuo sasa, amevaa miwani kama ya baba yake, na bado maneno hayakumwishia. Dobi alipokwenda kujinyoosha, ndugu wawili walibaki jikoni kuosha vyombo. Dada alimweleza yote, tangu mvua mpaka simu, akiitazama sahani moja aliyokuwa ameshaifuta.

Profesa alifikiri. "Baba alikuuliza nini hasa?"

"Aliuliza nini hiki."

"Ukasema?"

"Gauni limeungua."

"Lilikuwa limeungua au halikuwa?"

"Lilikuwa limeungua."

"Sasa uongo uko wapi?"

"Usinifanyie hivyo bwana."

"Nikufanyie nini? Dada, sikiliza. Hakuna ukweli mmoja uliotundikwa mahali kama saa ya ukutani. Wewe una wako, Mama Kunjo ana wake. Wa kwake kausema kwa mdomo wake, na anauamini. Ukienda leo kumpokonya, unamsaidia nini?"

"Umemwona kanisani?"

"Nimemwona."

"Umeiona nguo yake?"

"Ina nini?"

"Ina makunyanzi. Mama Kunjo, ana makunyanzi."

 Profesa aliokota kijiko, akakiosha kwa mara ya pili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwogopea baba yake, ambaye tangu msiba alikuwa akishindia kazi ile kama dawa. "Mashuka ya gesti yakiondoka," alisema kwa sauti ya chini, "duka linafungwa. Baba na macho yale atashika kazi gani? Mama Kunjo ni hodari, hakosi kibarua. Wewe pima mwenyewe nani anaumia zaidi."

"Nimepima. Kila siku napima. Nikishamaliza kupima, pasi bado imesimama."

"Nani aliiona?"

"Mimi."

"Peke yako."

"Peke yangu. Nikifa leo, itakuwa ilisimama. Mama Kunjo aape mbele ya kanisa zima kwamba aliilaza, na ninyi nyote mumwamini, itakuwa ilisimama. Siwezi kuilaza sasa kwa sababu ikilala inanifaa."

"Lakini hukusema neno moja la uongo. Hilo ndilo ninalokwambia."

"Ndiyo maana silali. Ningesema uongo ningejua ninatubu nini." Dada aliweka sahani chini. "Siku nikisimama mbele ya Mungu, hataniuliza kumetokea nini. Hilo analijua. Ataniuliza nani."

Profesa hakucheka, jambo ambalo si la kawaida yake. "Unaongea kama mama."

"Ningekuwa kama mama ningekuwa nimeshasema."

Walimaliza sufuria. Kisha Profesa akatabasamu peke yake. "Unakumbuka kile kioo cha dirisha?"

"Mvua imekivunja!"

"Alinirudisha mpaka nikaona mlango umenichoka. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe. Lakini nakumbuka nilipokwisha kusema, nilikula chakula kingi kweli. Sijui kwa nini." Alifuta mikono, akatazama kule alikolala baba yao. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akajifanya ni moshi, na jiko lilikuwa la gesi. "Ukimwambia, usimwambie kwamba mimi nilikukataza," alisema.

*

Dada alianza na Mama Kunjo. Alisikia kwamba anaosha vyombo kwenye mkahawa mmoja nyuma ya soko, akaenda mchana wateja walipopungua. Alimkuta uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, masufuria makubwa kuliko yeye yamemzunguka. Mama Kunjo alipomwona aliinuka kwa haraka na kujifuta mikono.

"Mzee ana nini?"

"Hana kitu. Mzima."

"Nimeshtuka. Nikasema, msiba mwingine tena. Karibu, ila pa kukaa ndiyo hapa."

Dada alikataa ndoo, akasimama. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na alipofika yote yakawa yanaanza na mvua, mara simu, mara rafiki wa shule. Akayaacha. "Mama Kunjo, gauni nililiunguza mimi. Uliiacha pasi imesimama. Mimi niliishika, nikailaza, nikageuka."

Mama Kunjo alimtazama sana. Ndani ya mkahawa mtu alidai chai, mwingine akacheka.

"Niliisimamisha?"

"Uliisimamisha. Juu ya kigae."

"Nilijua!" Alijipiga paja kwa mkono wenye povu. "Mkono wangu ulikuwa unaniambia. Usiku nikilala mkono unaniambia, uliisimamisha wewe mwanamke, na mimi nauambia nyamaza, unajitetea." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Kwa hiyo ulikuwa unajua siku ile. Nilivyokuwa nasema mnisamehe."

"Nilikuwa najua."

"Ukasema haya."

"Nikasema haya."

"Unajua nimemwomba Mungu msamaha mara ngapi kwa ajili ya gauni lile? Na nikaupata, nikashukuru! Sasa nimrudishie?" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa kuwa mwenye mkahawa alikuwa amechungulia. "Nilijaribu kupiga pasi shati la mume wangu, mkono ukatetemeka. Mimi. Nikasema tuvae hivi hivi."

"Nisamehe."

"Umeshamwambia mzee?"

Dada alitazama chini.

"Na Mama Gesti?"

"Bado."

"Basi umeanza na mimi." Mama Kunjo alikaa tena juu ya ndoo yake, akalivuta sufuria. Hakuwa akipiga kelele sasa. "Umeanza na mimi kwa sababu mimi ndiye mwepesi. Unataka nikwambie yamekwisha, uende nyumbani ukalale. Sikwambii, Dada. Nakupenda, mama yako namkumbuka kila siku, lakini sikwambii. Hili usiniachie hapa uani. Lipeleke kule nilikofukuzwa."

Akaanza kusugua. Dada aliaga, na Mama Kunjo akaitika bila kuinua kichwa.

*

Mama Gesti alikuja Jumatatu kuchukua mashuka, na wateja wengine wawili walikuwa barazani wakisubiri zamu yao. Dada angeweza kungoja waondoke. Alijikaza kisabuni.

"Baba," alisema, "na wewe mama. Gauni la harusi hakuliunguza Mama Kunjo. Nililiunguza mimi. Alipokubali kosa nilikuwa nimesimama hapa, nikanyamaza, na mtu akafukuzwa."

Dobi alikuwa akifunga furushi. Mikono yake ilisimama juu ya fundo. Wale wateja wawili walianza kutazama barabarani kwa bidii sana.

Mama Gesti aliweka mkoba wake juu ya kaunta. "Mwanangu amepiga picha zote na mkanda," alisema. "Zote. Nimekuwa nikizitazama na kumlaani mtu, kumbe namlaani asiyehusika, na anayehusika ndiye anayenikaribisha kiti na kuniuliza watoto hawajambo." Hakufoka, na Dada angependa afoke. "Yule alikuwa mzembe, nikasema sawa, uzembe ni wa binadamu. Wewe nikuite nani?"

"Sina la kujitetea, mama."

"Naona huna. Mzee Dobi, nakuheshimu. Lakini mashuka yangu nayachukua, na sitayaleta tena."

Aliyachukua. Kijana wa gari lake aliingia mara tatu kuyabeba, na kila alipoingia, Dobi alimsaidia kuinua. Wateja wale wawili wakakumbuka shughuli zao wakaondoka. Rafu zile zilizokuwa zikijaa mpaka juu zikaonekana mbao zake.

Dobi alikaa kwenye kiti cha marehemu, ambacho kwa kawaida hakukikalia. Dada alisubiri agombwe.

"Ulisema gauni limeungua," Dobi alisema. "Nakumbuka ulivyosema."

"Ndiyo, baba."

"Mama yako angeirudisha."

"Ndiyo."

"Mimi niliipokea. Niliisikia kabisa kwamba haina mtu, nikaipokea. Ulikuwa umesimama karibu na pasi, binti yangu, nami si kipofu hivyo. Sikutaka kuuliza. Alipotokea mtu wa kusema kosa ni lake, na si wa damu yangu, nikashukuru." Alivua miwani, na safari hii haikuwa na haja ya kufutwa. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nimemnyima mtu mkono kwenye mlango wa nyumba ya Mungu."

Alilia, mtu mzima yule, kama ambavyo hakulia hata msibani. Dada alilia naye. Yalikuwa majuto, lakini pia walikuwa wakimlilia mama, ambaye angewatoa wote wawili nje kwa pamoja na kuwangojea ndani na ufagio.

Dobi akainuka, akachukua kofia yake. "Anakaa wapi?"

Wakatazamana. Miaka yote aliyowafanyia kazi, yeye ndiye aliyekuwa akija kwao.

*

Waliuliza njiani. Kwa jina la Mama Kunjo hawakupata, kwa sababu jina lile lilikuwa la dukani kwao tu. Waliposema mpiga pasi, mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji aliwachangamkia. "Ahaa, yule aliyeunguza gauni la watu! Nyooka hapo, kata kulia, nyumba ya mlango wa bluu." Dobi alishukuru. Hatua chache mbele alisimama, akarudi kwa yule mwanamke, akavua kofia. "Mama, hakuliunguza yeye," alisema, na yule mwanamke akabaki na ndoo yake, asielewe babu huyu ana ugomvi gani.

Mama Kunjo alikuwa ametoka kazini, amekaa barazani na mama mkwe wake, ajuza mwenye fimbo mapajani. Majirani walikuwa nje wakianua nguo. Mama Kunjo alipowaona hakuinuka haraka kama siku ile ya mkahawani.

"Shikamoo, mama," Dobi alimwamkia yule ajuza.

"Nani hao?" ajuza aliuliza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo.

"Mzee wangu wa kazini, mama!" Mama Kunjo alipaza. Kisha akawaambia wageni, "Masikio yamemwishia. Semeni naye kwa nguvu."

Dobi alimgeukia Mama Kunjo. "Nimekuja kukwambia kwamba nilikufukuza bila kosa. Na nilikunyima mkono. Nimekosa." Akanyoosha mkono. Mama Kunjo aliutazama, muda mrefu kidogo kuliko ule ambao wa kwake ulikaa hewani, kisha akaupokea.

"Anasema nini?" ajuza alidakia.

"Nasema hivi," Dobi alianza, kwa sauti ya barazani.

"Ehe?"

"Nasema mkweo hakuliunguza gauni!" Kule kwenye kamba mikono ya watu ilisimama. "Nilimfukuza bure! Hakuliunguza!"

Ajuza alilifikiri hilo. Alimgeukia mkwewe. "Mbona mwenyewe ulituambia umeliunguza? Mwanangu akagomba, na mimi nikakusema humu ndani mpaka nikachoka. Ulikuwa unatudanganya?"

"Sikujua, mama! Nilidhani ni kweli!"

"Ulidhani." Ajuza alitikisa kichwa. "Huyu mzee alikuwa anajua?"

"Hakutaka kujua!" Dobi alijibu mwenyewe, kabla ya kuulizwa.

"Sasa kati yenu nyote," ajuza alisema, akipiga fimbo chini kwa kukosa subira, "hakuna aliyekuwa anajua?"

"Mimi," Dada alisema.

"Eti?"

"Mimi."

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu, upande huu hausikii kabisa."

Dada alisogea mpaka kwenye ngazi. Majirani walikuwa wameacha nguo zao. Yule mwanamke wa ndoo alikuwa amefika naye, na maji yake kichwani.

"Mimi, bibi! Nililiunguza mimi, na nilikuwa najua!"

Ajuza alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Haya, sasa nimesikia," alisema. Kisha akamwambia mkwewe, kwa sauti ile ile ya kusikiwa na mtaa mzima, "Mletee mtoto wa watu kiti, huoni miguu inamtetemeka?"